Utani Hauulizi Tabia ya Mtu

Ajira mpya za walimu na wauguzi zikitangazwa, mabasi ya kusini hubeba vijana kutoka Kagera, Mara, Kilimanjaro na Mbeya ambao hawajawahi kuuvuka Mto Rufiji. Wanashuka Nachingwea au Ruangwa na begi moja, barua ya kupangiwa kituo na Kiswahili cha shuleni. Wanawakuta Wamwera, Wamakua, Wamakonde na Wayao. Wanawakuta wafugaji waliohamia na ng'ombe wao, na upande wa Ruangwa wanawakuta pia wageni wa mbali zaidi waliofuata madini ya kinywe. Mwaka haujaisha, baadhi ya vijana hao wameshakuwa watu wa kijiji, wanaalikwa kwenye shughuli na kutumwa dukani na wazee. Wengine wanazunguka maofisini na barua ya kuomba uhamisho.

Kwa nini huyu amekaa na yule ameshindwa? Jibu la kijiweni na la ofisini ni lile lile: tabia. Huyu ana watu, yule hana. Wanasaikolojia nao wana jibu linalofanana na hilo, ila limevaa suti. Kwa miongo kadhaa wamekuwa wakitafuta ni sifa zipi za mtu zinazomwezesha kuishi na kufanya kazi na watu wa mila nyingine. Utafiti wao una faida, na nitautumia hapa. Ninachobishia ni madai yanayoning'inizwa juu yake. Msimamo wangu ni kwamba tabia ina mchango, lakini mdogo kuliko tunavyoupa, na kwamba jambo zito zaidi ni namna mgeni na mwenyeji walivyokutanishwa: nani kamtambulisha nani, nani ana neno, wanafanya nini pamoja, na wakikwaruzana wanamwendea nani. Wazee wa kusini walilishughulikia jambo hilo zamani sana, bila kumpima mtu yeyote.

"Mpelekeni yule mchangamfu"

Dai hili ndilo linalopendwa kuliko yote. Kuna kituo kigumu, mbali na lami, basi atafutwe mtu wa maneno mengi na meno nje, atazoeana nao. Katika mgawanyo wa tabia unaotumiwa sana na wataalamu, sifa kubwa ni tano: uwazi wa moyo kwa mambo mapya, umakini katika kazi, uchangamfu, upole kwa watu, na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Kati ya hizo, uchangamfu ndio unaoonekana kwa dakika tano za mwanzo. Labda ndiyo maana unaaminiwa kupita kiasi.

Mwaka 2006 Soon Ang wa Singapore na wenzake walizilinganisha sifa hizo tano na uwezo wa mtu kufanya kazi katika tamaduni mbalimbali. Uwezo huo waliugawa mafungu manne: anachokijua mtu kuhusu mila za wengine, hamu yake ya kujifunza, vitendo vyake, na uangalifu wa kujichunguza anapofikiri kuhusu watu asiowazoea. Sifa waliyoiona ikigusa mafungu yote manne ilikuwa uwazi wa moyo kwa mambo mapya. Uchangamfu una nafasi yake, lakini haukushika usukani.

Mtu aliyekaa vijijini hashangai. Chukua walimu wawili wa shule moja, mtoto mmoja mtoro. Mwalimu mchangamfu anakwenda kwa baba wa mtoto, wanasalimiana vizuri, wanacheka, baba anakubali kila neno, wanaagana kwa mikono miwili. Wiki inayofuata mtoto hayupo darasani. Mwalimu wa pili ni mkimya, hata shikamoo yake husikika kwa shida. Lakini kabla ya kwenda aliuliza: katika nyumba ile nani ana neno juu ya mtoto? Akaelekezwa kwa mjomba, kwa sababu kwa watu wa huku, wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama, ndugu wa kiume wa mama bado ana sauti katika familia nyingi juu ya jando, shule na ndoa. Akaenda kwa mjomba, akakaa mkekani, akaeleza shida yake kwa sentensi chache. Mtoto alirudi. Baba hakuwa mwongo. Aliombwa kitu ambacho hakikuwa mikononi mwake peke yake, na adabu ilimzuia kumwambia mgeni hivyo usoni.

Hapo ukitafuta tofauti ya tabia kati ya walimu wale utaiona, ila iko katika kuuliza kwanza. Kuuliza kwanza hufundishika hata kwa mtu mwenye aibu.

"Asiyetikisika ndiye atakayedumu"

Hili linafanana na la kwanza, ila limegeuzwa: anatafutwa mtu wa moyo mgumu, asiyeshtushwa na chochote. Kwa bahati tuna ushahidi wa hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1979 Brent Ruben na Daniel Kealey walichapisha utafiti wao juu ya Wakanada waliotumwa Kenya kama washauri wa kiufundi, pamoja na wenzi wao. Waliwaangalia kabla hawajaondoka, kisha wakawafuatilia wakiwa Kenya. Kilichowashangaza wengi ni kwamba baadhi ya waliokuja kuwa hodari katika kufundisha na kushirikiana na wenyeji ndio waliotikiswa zaidi na ugeni mwanzoni. Na sifa zilizoonekana kuwa na uzito zilikuwa za kawaida kabisa: kumheshimu mwenzako, kutomhukumu haraka, kujua kwamba unalolijua wewe si lazima liwe kweli kwa kila mtu. Kundi lao lilikuwa dogo, kwa hiyo tusilibebeshe mzigo mkubwa. Lakini linatosha kulitia dai hili mashaka.

Sababu yake si ngumu. Muuguzi mgeni anayesikia ngoma ya unyago ikilia hadi alfajiri, akakosa usingizi na kesho yake akawa na maswali kumi, ameshaanza kuona kwamba kuna jambo hapa asilolijua. Mwenzake aliyelala fofofo anaweza kuwa mtu imara. Anaweza pia kuwa mtu ambaye bado hajatoka kwao: yuko nyumba ya mtumishi, simu mkononi, anaongea na wa kwao hadi usiku wa manane. Utulivu wa namna hiyo hauna manufaa kwa kliniki ya mama na mtoto, ambako msichana aliyetoka kuchezwa mwezi uliopita anakuja na mafundisho aliyopewa na somo wake, na muuguzi asiyejua yapo atashindwa hata kuanza mazungumzo.

"Kila kabila na tabia yake, ukiijua umemaliza"

Watu wa kusini tumepakwa rangi hii muda mrefu. Tunasemwa ni wapole, hatuna haraka, tunapenda ngoma kuliko jembe. Mgeni hupewa maelezo hayo kabla hajashuka kwenye basi, kama mtu anayepewa ramani.

Tuanze na upole. Vita vya Maji Maji vilipowaka mwaka 1905, watu wa huku hawakukaa pembeni. Misheni za Wabenediktini za Nyangao na Lukuledi zilishambuliwa, na ile ya Ndanda ilianzishwa mwaka 1906 baada ya maafa hayo. Njoo karibu zaidi, Oktoba 2018. Wakulima wa korosho wa kusini walikaa mnadani, zabuni za wanunuzi zikafunguliwa na kusomwa mbele yao kama utaratibu ulivyokuwa, wakasikiliza bei, wakakataa kuuza. Hawakupiga kelele nyingi. Walikataa tu, hadi Serikali ikaingia kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likapewa kazi ya kubeba. Na uvivu? Vijana wa Lindi na Mtwara ndio waliovaa viatu hadi soli zikaisha katika mitaa ya Kariakoo, wakitembeza bidhaa mikononi tangu asubuhi hadi usiku, na jiji zima likawatambua kwa kazi hiyo. Ukoo ni ule ule, tabia ni zile zile. Kilichobadilika ni soko.

Mwaka 2005 timu kubwa ya watafiti iliyoongozwa na Antonio Terracciano ilichapisha katika jarida la Science matokeo kutoka tamaduni 49. Waliwauliza watu wanaonaje tabia ya taifa lao kwa jumla, kisha wakalinganisha na tabia za watu mmoja mmoja zilizopimwa katika mataifa hayo. Picha hizo mbili hazikufuatana. Watu wanakubaliana sana juu ya "sisi ni watu wa namna gani", na kukubaliana huko hakusemi kitu kuhusu jirani yako wa mlango wa pili.

Ubaya wa dai hili unaonekana zaidi linapogeuzwa kwa wageni. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji walioondolewa Usangu na Ihefu walielekezwa mkoa wa Lindi na ng'ombe wao, na tangu hapo wengine wamekuwa wakija. Migogoro imekuwapo: ng'ombe kwenye mbaazi, ng'ombe kwenye ufuta, fimbo, kesi. Ukiuliza sababu unaambiwa, "Ndivyo walivyo, ni watu wakorofi." Nao wafugaji wana lao juu ya wakulima. Lakini tazama wanapokutania. Hawakutani msibani, wala kwenye chama cha ushirika, wala kwenye ngoma. Mara nyingi mkutano wao wa kwanza ni shambani mazao yameshaliwa, na wa pili ni kituo cha polisi. Hata malaika wawili wakikutanishwa hivyo watachukiana. Njia za mifugo zisizochorwa na malambo yasiyochimbwa huwezi kuyatibu kwa kumsema mtu tabia.

"Kaa nao muda mrefu, utawajua"

Dai hili lina busara ndani yake, ndiyo maana ni gumu kulipinga. Bahati nzuri Nachingwea ina mfano wake, tena mkubwa, na matokeo yake tunaishi nayo hadi leo.

Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza ilituma ujumbe kuchunguza kama karanga zinaweza kulimwa kwa wingi Afrika Mashariki, kwa kuwa Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia baada ya vita. Kiongozi wa ujumbe, John Wakefield, hakuwa mgeni. Alikuwa amewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika. Kama miaka ya kukaa mahali ndiyo inayompa mtu ufahamu, huyu alikuwa nao wa kutosha. Ziara ilikuwa ya wiki chache, na sehemu kubwa ya ardhi ilitazamwa kutoka ndegeni. Ripoti ikapendekeza zaidi ya ekari milioni 3 zifyekwe, nyingi zikiwa katika Jimbo la Kusini. Kazi ikaanza mwaka 1947 Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Bandari ya Mtwara ikajengwa, reli ikavutwa kuja Nachingwea. Vifaru vya vita viligeuzwa matrekta. Januari 1951 Serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba mpango umekwisha, na pauni zipatazo milioni 36 zikafutwa vitabuni. Reli nayo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Sababu za kushindwa ni nyingi: udongo wa Kongwa ulioganda kama saruji wakati wa kiangazi, mvua zisizotabirika, mashine chakavu. Siwezi kusema kwamba karanga ziliharibiwa na ukosefu wa maelewano peke yake. Ila wazungu wengi wa mpango ule, askari waliotoka vitani kwa idadi kubwa, hawakukosa uchangamfu wala ujasiri wala uwazi kwa mambo mapya. Mtu anayeacha Uingereza kuja kufyeka pori la Nachingwea, ukimpa dodoso la kisasa, atapata alama za juu kwa kupenda mambo mapya. Kilichokosekana ni nafasi ya mkulima Mmwera kusema neno likabadilisha mpango. Yeye alikuwa kibarua. Aliyejua mvua za pale zinaanza lini na ardhi ipi inahifadhi maji hakuwa kwenye meza ya uamuzi, na wale waliokuwa mezani waliishi mtaa wao, wakala jikoni mwao. Miaka ile yote ya kukaa pamoja haikuzaa mazungumzo.

Sasa endelea kukaa hapo hapo Nachingwea, sogeza miaka 15 mbele. Tangu katikati ya miaka ya 1960 FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walikuwa na kambi yao kuu ya mafunzo hapa, panapojulikana kama Farm 17. (Kongwa nayo iligeuka kambi ya wapigania uhuru mwaka 1964, kwa hiyo mashamba mawili ya karanga zilizoshindikana yalikuja kuota mavuno mengine.) Walifika vijana wa Kimakonde na Kimakua kutoka kaskazini ya Msumbiji, Wanyanja, Washangaan kutoka kusini, wengi hawaelewani lugha, wengine na kinyongo cha kimkoa walichokuja nacho kutoka nyumbani. Mwaka 1967 wakaanza kufundishwa pia wasichana, jambo lililowashtua wazee wengi. Hakuna aliyewachagua kwa dodoso. Waliochukuliwa ni waliojitokeza.

Lakini kambi ilipangwa. Walichanganywa bila kufuata mikoa. Wote walilima, wote walipika, wote walifundishwa kusoma. Ngoma za mkoa mmoja zilichezwa na watu wa mkoa mwingine. Adui alikuwa mmoja, na uongozi, hasa wa Samora Machel, ulitamka wazi kwamba ukabila hauna nafasi. Ukimsoma Gordon Allport, Mmarekani aliyeandika mwaka 1954 juu ya chuki baina ya makundi, utakuta masharti yake manne ya kukutana kunakoleta maelewano: hadhi sawa, lengo moja, kazi inayohitaji ushirikiano, na mamlaka inayounga mkono. Sidhani kama kuna aliyekwenda Farm 17 na kitabu hicho mfukoni. Masharti yalikuwapo hata hivyo.

Nisipambe. Umoja ule ulikuwa pia wa amri. FRELIMO walipasuka vibaya mwaka 1968, na Lázaro Nkavandame, kiongozi mkubwa wa Wamakonde, akaishia kuwakimbia. Mwaka 1975 Uria Simango na wapinzani wengine waliletwa hapa hapa Nachingwea, wakalazimishwa kukiri hadharani. Mpangilio unaweza kujenga na unaweza kubana. Ila ulinganishe na mtaa wa wazungu wa karanga uniambie wapi mtu wa kawaida, asiye na kipaji chochote cha pekee, alitoka akiwa amejifunza kuishi na wasio wa kwao.

Kwa haki ya wanaotetea dai hili, Thomas Pettigrew na Linda Tropp walikusanya tafiti 515 mwaka 2006 wakaona kwamba kukutana kwenyewe, hata masharti yasipotimia, hupunguza chuki kwa kiasi. Lakini yakitimia, faida huongezeka. Miaka peke yake ni dawa nusu dozi.

"Dodoso litatuambia nani anafaa"

Hili nitalipita haraka. Lipo dodoso la Waholanzi, la Karen van der Zee na Jan Pieter van Oudenhoven, lililochapishwa mwaka 2000 mahsusi kwa watu wanaokwenda kuishi katika tamaduni nyingine. Linapima kuwahurumia na kuwaelewa wa mila nyingine, uwazi wa fikra, kuanzisha mahusiano, utulivu wa hisia na unyumbufu. Ni kazi nzuri kwa wale iliyotungwa kwa ajili yao. Kulileta kama lilivyo kumchuja mhudumu wa afya wa Ruangwa ni jambo jingine. Mwaka 2019 Rachid Laajaj na wenzake walichambua majibu ya madodoso ya sifa tano kubwa kutoka nchi 23 za kipato cha chini na cha kati, wakaona kwamba mara nyingi maswali hayapimi kile yanachodai kupima. Mojawapo ya sababu ni kwamba watu wanaohojiwa ana kwa ana huelekea kukubali kila wanachoulizwa. Mtu aliyewahi kumhoji mzee wa kijijini anajua. Ukimuuliza, "Je, wewe hupenda mambo mapya?" atasema ndiyo. Ukimuuliza, "Je, wewe hupenda kufuata yaliyozoeleka?" atasema ndiyo, kisha atakukaribisha uji.

"Ni kipaji, mtu huzaliwa nacho"

Hapa ndipo madai yote yanapokunywa maji. Kama kuelewana na wa mila nyingine ni kipaji, basi hakuna la kufanya zaidi ya kuwatafuta wenye nacho na kuwaacha wengine warudi kwao.

Kwanza, tabia yenyewe haijapigwa msumari. Julia Zimmermann na Franz Neyer waliwafuatilia wanafunzi wa vyuo vikuu vya Ujerumani na kuchapisha matokeo mwaka 2013: waliokwenda kuishi nchi za nje walirudi wakiwa wazi zaidi kwa mambo mapya, wapole zaidi na watulivu zaidi kuliko wenzao waliobaki, na sehemu kubwa ya mabadiliko hayo ilitokana na mahusiano mapya waliyoyapata huko. Ugeni ulimfinyanga mtu.

Pili, na hili ndilo ninalotaka kukaa nalo, jamii za huku hazikusubiri watu wenye kipaji. Mwaka 1882 Wangoni, walioitwa Wamagwangwara na watu wa pwani, waliishambulia Masasi, wakachoma na kuchukua mateka. Miaka ile watu wa huku walilala jicho moja wazi kwa ajili yao. Leo Wangoni ni watani wa makabila kadhaa ya kusini. Wajukuu wa waliochomeana nyumba wanaibiana kuku mchana kweupe na hakuna kesi.

Asiyeujua utani huudhani ni mzaha. Nenda msibani uone. Jeneza liko tayari kutoka, ndugu wameinamisha vichwa, na mtani anasimama mlangoni akiwa amevaa koti la marehemu. Anatembea kama yeye, anakohoa kama yeye, anadai deni ambalo marehemu hakuwahi kukopa. Hatoki mlangoni hadi apewe chochote, sabuni, elfu mbili, jogoo. Mjane anacheka akilia. Hakuna anayeruhusiwa kukasirika, na anayekasirika ndiye mwenye kosa. Lakini subiri kidogo utamwona mtani huyo huyo akichota maji, akifagia uwanja, akisonga ugali wa waombolezaji, kwa sababu matusi na kazi vilikuja pamoja katika mkataba mmoja.

R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyeishi Amani, aliandika juu ya utani wa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1940 na kuuhusisha na vita na safari za zamani baina ya makabila. A. R. Radcliffe-Brown alikuwa ameshaueleza uhusiano wa namna hii mwaka 1940: pale watu wanapolazimika kuwa karibu na pia kuwa mbali, ruhusa ya kutaniana huondoa uwezekano wa ugomvi. Stephen Lucas alihariri maandishi juu ya utani wa Tanzania katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katikati ya miaka ya 1970.

Wote hao waliandika vizuri, lakini jambo ninalolitaka mimi ni dogo na liko wazi: utani hauulizi tabia ya mtu. Mtani mkimya anajua la kufanya kwa kuwa nafasi yake imeshampa maneno. Mtani mwenye hasira za karibu anajua mpaka uko wapi. Hata kijana mgeni kutoka Mara, ambaye kabila lake halina utani na Wamwera, atatafutiwa mlango. Bibi kizee wa jirani ataanza kumwita "mume wangu" kwa kuwa umri wake ni wa mjukuu, na bibi na mjukuu ni watani. Kijana akijibu, "Nipikie basi, mke wangu," ameshaingia. Hakuhitaji kipaji. Alihitaji mtu mmoja wa kumnong'oneza kwamba bibi hajamtukana, amemkaribisha.

Utani una mipaka yake. Unaweza kuficha dharau ya kweli, na mwenye nguvu anaweza kuutumia kumdhalilisha mnyonge kisha akasema alikuwa anatania. Tena haukui kwa siku moja. Wafugaji na wakulima wa Lindi bado hawajapata wa kwao, na kuwaambia wangoje miaka mia si jibu. Ila unaonyesha kazi inavyofanywa: jamii ilitengeneza nafasi, kisha watu wa tabia zote wakaingia ndani yake.

"Basi tabia haina maana"

Hapana, nalo hili si kweli. Mtu mwenye dharau ataharibu hata mpangilio mzuri, na mtu mwenye moyo wa kuuliza atapenya hata pabaya. Ukiwa na nafasi moja na watu wawili, mchukue anayeuliza. Lakini maofisa wanaopanga watumishi hawana nafasi moja na watu wawili. Wana zahanati na shule nyingi, na watu wa kila namna waliotajwa kwenye orodha. Hawawezi kubadilisha tabia za watu hao kabla ya Jumatatu.

Wanaweza kubadilisha mapokezi. Kwa hiyo ombi langu kwa afisa utumishi, kwa mwalimu mkuu na kwa mganga mfawidhi wa Nachingwea na Ruangwa ni hili. Barua ya kupangiwa kituo iende na jina la mzee au mama mmoja wa kijiji atakayempokea mgeni. Siku ya pili mtumishi atembezwe nyumba za jirani, aambiwe nani ni mjomba wa nani, ngoma za jando na unyago zinachezwa mwezi gani, na nani ana ruhusa ya kumtania. Kamati za ardhi za vijiji ziwe na mfugaji na mkulima wanaokaa pamoja kupanga njia za mifugo kabla ufuta haujapandwa, badala ya kuitwa baada ya ufuta kuliwa. Mambo haya hayahitaji bajeti mpya, na mengine yanamalizika kwa asubuhi moja.